Tiba ya tumbo la mtoto huanza na neno

Wahenga walisema kwamba mficha maradhi kifo humuumbua. Aghalabu methali hii hutumiwa kumkemea mgonjwa anayeona haya kulisema linalomsumbua. Hata hivyo, yapo maradhi ambayo mgonjwa hayafichi kwa kusudi. Hufichwa kwanza na udogo wa vijidudu vinavyoyaleta, visivyoonekana ila kwa hadubini. Hufichwa pili na mahali vinapokaa, yaani ndani kabisa ya utumbo. Hufichwa tatu na lugha, ambayo ama haina neno la kuyataja au ina neno moja linalobebeshwa mambo kumi. Na iwapo mgonjwa mwenyewe ni mtoto wa miaka saba, ambaye ujuzi wake wote wa kulieleza tumbo lake umo katika tamko moja tu, "linauma", basi tabibu huachwa akipapasa gizani.

Mfano unaofaa kuyadhihirisha haya ni uambukizo wa bakteria ziitwazo spirokiti katika utumbo mpana wa watoto. Ieleweke tangu mwanzo kwamba huu si ugonjwa unaojaza wodi za watoto nchini mwetu. Kipindupindu, virusi vya rota, minyoo na utapiamlo ni maadui wakubwa kuuliko kwa mbali. Nauleta mbele ya walimu na wanafunzi kwa sababu, ukiufuatilia tangu jina lake hadi kidonge chake, unatufunza jambo ambalo maradhi yanayojulikana zaidi hayatufunzi kwa uwazi kiasi hicho: kwamba kuutambua ugonjwa ni kazi ya maneno kabla ya kuwa kazi ya mitambo. Mimi si tabibu, na ya kitabibu nitayasema kwa kadiri yalivyothibitishwa na wenye taaluma yao. Ya lugha ndiyo nitakayoyatetea.

UKOO WENYE MAJINA

Neno spirokiti asili yake ni Kigiriki. Limeundwa kwa maneno mawili, moja likiwa na maana ya msokoto na la pili nywele ndefu. Jina limesadifu umbo. Bakteria hizi ni nyembamba mno, zimejisokota mithili ya parafujo, na husafiri kwa kujizungusha, hali inayoziwezesha kupenya ute mzito ambamo bakteria za aina nyingine hukwama.

Kiswahili si kigeni kwa ukoo huu. Kaswende huletwa na spirokiti, ile iliyogunduliwa na Schaudinn na Hoffmann huko Ujerumani mwaka wa 1905. Buba, ugonjwa wa vidonda uliowatesa watoto wa Afrika Mashariki kwa miaka mingi, huletwa na ndugu yake wa karibu kabisa. Homa ya papasi, ambayo huenezwa na kupe laini akaaye katika nyufa za nyumba za udongo, ni kazi ya spirokiti nyingine. Daktari Mwingereza Joseph Everett Dutton, ambaye jina lake limehifadhiwa katika jina la kijidudu hicho, alifariki Kasongo nchini Kongo mwaka uo huo wa 1905 akiwa katika safari ya kuichunguza homa hiyo.

Mfano wa karibuni zaidi ni wa mwaka wa 2022. Mwezi Julai mwaka huo, wakazi wa Ruangwa katika Mkoa wa Lindi, kusini mwa Tanzania, walipatwa na homa iliyoambatana na kutokwa damu puani, na baadhi yao wakafariki. Wizara ya Afya ya nchi hiyo ilipokamilisha uchunguzi ilitangaza kwamba ni leptospirosisi, ambayo pia ni maradhi ya spirokiti, ikaiita homa ya mgunda. Mgunda ni shamba. Msomaji anayejua Kikuyu halihitaji kamusi neno hilo, maana hulitumia kila siku. Hivyo ndivyo istilahi inavyopasa kuzaliwa: raia akilisikia jina, papo hapo anajua hatari iko wapi.

Majina ya namna hii hutokana na vitu vinavyoonekana kwa macho. Papasi yumo ukutani, kidonda kimo mguuni, shamba liko bondeni. Spirokiti ya utumbo haina kidonda cha kuonyesha wala mdudu wa kunyoshewa kidole. Ndiyo maana, katika ukoo wenye majina mengi kiasi hicho, ndugu huyu mmoja amebaki hana jina katika lugha yetu.

UTUMBO WENYE NYWELE

Wanasayansi walikuwa wamekwisha kuziona spirokiti katika kinyesi cha binadamu tangu zamani, lakini hawakujua zinakaaje. Mnamo mwaka wa 1967, Harland na Lee walichapisha katika jarida la British Medical Journal picha zilizopigwa kwa hadubini ya elektroni. Picha hizo zilionyesha kwamba bakteria hizi hazielei ovyo. Kila moja imejishikiza ncha moja katika chembe za ukuta wa utumbo mpana, nayo ncha ya pili imeachwa ikiyumba. Zikiwa nyingi, hufunika ukuta huo kama nyasi zilivyofunika uwanja, au kama nywele za brashi.

Mwaka wa 1982 aina moja ilioteshwa katika maabara kwa mara ya kwanza, ikaitwa Brachyspira aalborgi, kwa heshima ya mji wa Aalborg nchini Denmark. Aina ya pili, Brachyspira pilosicoli, ilipewa jina lake la pili mwaka wa 1996, na jina hilo ni la Kilatini lenye maana ya "ya utumbo wenye nywele". Laiti wanafunzi wetu wangefasiriwa majina ya kisayansi namna hii badala ya kuyakariri kama kasuku, wangegundua kwamba kila jina ni maelezo mafupi yaliyofungwa fundo. Aina hii ya pili haimkai binadamu peke yake. Hupatikana pia kwa nguruwe, kuku na mbwa.

Inaaminika kwamba vijidudu hivi huingia mwilini kwa njia ile ile ya kuhara kwingi: kutoka kinyesi hadi kinywani, kupitia maji, chakula na mikono. Tafiti zimeonyesha tofauti kubwa baina ya jamii na jamii. Katika nchi tajiri huonekana kwa asilimia chache tu ya watu, ilhali katika nchi zinazoendelea makadirio yaliyochapishwa ni kati ya asilimia 11 na 34. Katika nyanda za juu za mashariki mwa Papua New Guinea, utafiti uliochapishwa mwaka wa 1997 uliipata Brachyspira pilosicoli kwa zaidi ya mtu mmoja katika kila watano waliopimwa. Mahali penye maji safi na vyoo vizuri, spirokiti hupungua. Hapo hapahitaji falsafa.

MPANGAJI AU MWIZI?

Je, kila mtoto mwenye spirokiti ni mgonjwa? Hapa ndipo wataalamu walipogawanyika. Wapo watoto waliopatikana nazo wakiwa na kuhara kusikokoma, maumivu ya tumbo, damu katika choo na kupungua uzito. Wapo wengine waliopatikana nazo kwa sadfa, mathalan baada ya kukatwa kidole tumbo, nao hawakuwa na dalili zozote zinazoweza kuhusishwa nazo. Aidha, ukuta wa utumbo uliofunikwa na spirokiti mara nyingi hauna uvimbe wala wekundu, kana kwamba mwili umeamua kutowagombeza wageni wake. Kwa upande mwingine, spirokiti ya aina ya pili imewahi kupatikana ndani ya damu ya wagonjwa mahututi, jambo ambalo si la mgeni mwema.

Ripoti zinazohusu watoto ni za watoto wachache mno. Iliyochapishwa Australia mwaka wa 2001 ilihusu watoto wanne, na ya kusini mwa Uswidi ya mwaka wa 2002 ilihusu wanane. Kwa idadi kama hizo, mtaalamu mwaminifu husema "huenda", hasemi "ni lazima". Hilo nalo ni somo kwa wanafunzi wetu wanaodhani kwamba sayansi ni orodha ya majibu.

Nalo suala hili lina upande wake wa lugha. Wanasayansi wa Magharibi huieleza hali ya kijidudu kukaa mwilini bila kudhuru kwa neno lile lile wanalolitumia kwa ukoloni. Sisi tuliotawaliwa tunajua kwamba mkoloni hakosi madhara, kwa hivyo tafsiri ya moja kwa moja itatupotosha. Tukisema "ameambukizwa", msikilizaji huelewa kwamba mtu ni mgonjwa. Tunahitaji kutenganisha mawili: kijidudu kuweka makazi, na kijidudu kushambulia. Mtoto mwenye spirokiti zilizoweka makazi tu hahitaji dawa. Mtoto anayeshambuliwa anaihitaji. Daktari asiyekuwa na maneno mawili atawezaje kumweleza mzazi kwa nini mtoto wa jirani alipewa vidonge na wake akarudishwa nyumbani aangaliwe?

NAMNA INAVYOTAMBULIWA

Kipimo cha kawaida cha choo hakiigundui spirokiti. Bakteria hizi haziwezi kustahimili hewa ya oksijeni, na huota polepole mno. Katika chakula maalumu cha maabara huchukua siku nyingi, na ile ya Aalborg yaweza kuchukua majuma kadhaa. Maabara inayosubiri siku mbili au tatu kisha ikaandika kwamba haikuona kitu haijasema uongo, ila haikusubiri.

Njia inayotegemewa zaidi ni kukitazama kipande cha ukuta wenyewe. Mtoto hupewa dawa ya kumlaza, kisha daktari bingwa hupitisha katika njia ya haja kubwa mpira mwembamba wenye taa na kamera, akachukua vipande vidogo vya utando wa utumbo mpana. Jambo la kuzingatia ni kwamba utumbo huo waweza kuonekana mzima kabisa kwa kamera. Daktari asiyechukua kipande kwa sababu hakuona kidonda hataiona spirokiti daima.

Kipande hicho hutiwa rangi za kawaida za maabara na kutazamwa kwa hadubini. Penye spirokiti huonekana ukingo wa rangi ya samawati juu ya chembe za utumbo, wenye kimo cha takriban sehemu tatu za elfu za milimita, mfano wa ushonaji wa pindo kwenye kanzu. Jicho lisilozoea hulipita pindo hilo bila kusita. Ili kuthibitisha, mwanapatholojia hutumia rangi zenye madini ya fedha, ambazo huzifanya spirokiti kuwa nyeusi, au huchunguza chembe za urithi za bakteria ili kujua ni aina ipi. Wakati mwingine hutumia kingamwili zilizotengenezwa kwa ajili ya kijidudu cha kaswende, kwa kuwa undugu wa vijidudu hivi huzifanya zinase hata huyu wa utumbo. Mzazi akikutana na jina la kaswende katika cheti cha maabara cha mwanawe asikurupuke wala asitafute wa kumlaumu. Aombe kufafanuliwa. Undugu wa vijidudu si ushahidi wa tabia ya mtu.

Ni wazi kwamba uchunguzi wa aina hii hauwezi kufanywa kwa kila mtoto anayelia tumbo. Ni ghali, unahitaji daktari bingwa, na kwetu hupatikana katika hospitali chache kubwa. Kabla ya kufika huko, daktari hana budi kuyaondoa yaliyo ya kawaida zaidi: minyoo, giadia, amiba, bakteria za kuhara damu, kifua kikuu cha matumbo, virusi vya ukimwi, na vyakula vinavyomkataa mtoto. Na ili ajue ni mtoto gani wa kupelekwa mbele, chombo chake cha kwanza ni masimulizi ya mtoto na mzazi.

KIDONGE KINACHOJULIKANA KUPITA KIASI

Dawa ambayo imetumiwa zaidi dhidi ya spirokiti za utumbo ni metronidazoli, ambayo wengi wetu tunaijua kwa jina la Flagyl. Historia yake inastahili kusimuliwa. Hapo mwanzo ilitumiwa kutibu maradhi ya vijidudu vya uke. Mwaka wa 1962, mtaalamu wa Uingereza aitwaye Shinn alieleza katika jarida la Lancet kwamba mgonjwa aliyekuwa akitumia dawa hiyo kwa maradhi hayo alipona pia fizi zake zilizokuwa na vidonda. Vidonda vya fizi vya aina hiyo huhusishwa na bakteria zisizopenda oksijeni, spirokiti zikiwemo. Ugunduzi kwamba dawa hiyo huua bakteria za namna hii ulianza kwa mgonjwa aliyekuwa na la kusema na tabibu aliyekuwa na sikio la kusikia.

Kwa mtoto mwenye dalili nzito, ambaye spirokiti zimethibitishwa na sababu nyingine zimetafutwa zikakosekana, madaktari wengi huiandika dawa hii kwa siku kadhaa kulingana na uzito wake. Baadhi ya watoto hupata nafuu. Wengine spirokiti hutoweka lakini dalili zikabaki, ishara kwamba mkosaji alikuwa mwingine. Wengine hupona bila dawa yoyote. Kwa sababu hiyo, kusubiri na kumwangalia mtoto kwa makini ni uamuzi halali wa kitabibu, wala si uzembe.

La kusikitisha ni kwamba dawa hii imekuwa kama njugu mikononi mwetu. Mtoto akisema tumbo linamuuma, mzazi huenda dukani, akaomba "dawa ya amiba", akapewa vidonge visivyotosha hata nusu ya matibabu. Hakuna aliyepima amiba wala aliyeuliza mtoto anaharaje. Vidonge ni vichungu, vina ladha ya chuma, na mtoto huvitema. Dawa ikitumiwa ovyo huzizoesha bakteria kuistahimili, na ikitumiwa kwa muda mrefu yaweza kudhuru neva. Isitoshe, huficha dalili ambazo zingemwelekeza daktari.

Wakati huo huo, tiba ambayo haihitaji utambuzi wa kijidudu chochote hupuuzwa kwa kuwa ni rahisi. Tangu mwaka wa 2004, Shirika la Afya Duniani na UNICEF yamependekeza kwa pamoja kwamba kila mtoto anayehara apewe maji ya chumvi na sukari ya pakiti pamoja na vidonge vya zinki kwa siku 10 hadi 14, huku akiendelea kunyonya na kula. Kinachomuua mtoto anayehara upesi ni kukaukiwa na maji. Macho yakididimia, mtoto akilegea au akishindwa kunywa, ngozi ya tumbo ikifinywa nayo ikachelewa kurudi mahali pake, hapo hapana kuuliza jina la kijidudu. Ni kukimbilia hospitali.

NENO LENYE TUMBO KUBWA

Sasa turejee kwenye lugha. Tumbo katika Kiswahili ni neno lenye tumbo kubwa. Ni kiungo kinachopokea chakula, ni eneo lote toka chini ya kifua hadi kinenani, na ni mji wa mimba, ndiyo maana tukawaita ndugu wa mama mmoja watu wa tumbo moja. Ni ulafi pia, kama wasemavyo wakosoaji wa siasa za tumbo. Upana huu ni utajiri kwa mshairi. Kwa tabibu ni mtego.

Mtego wa pili ni tasfida. Adabu zetu zimetuzuia kuyataja yatokayo mwilini kwa majina yake, nasi tukabuni maneno ya staha: haja kubwa, kujisaidia, kwenda msalani, choo. Tazama linalotokea. Daktari anauliza, "Choo chake kikoje?" Mzazi anajibu, "Tunatumia cha shimo." Wote wawili wamezungumza Kiswahili fasaha, wala hawajaelewana. Vivyo hivyo, mzazi husema tumbo "linaendesha" pasi na kubainisha kama ni maji matupu, makamasi au damu, na mara ngapi kwa siku. Kumbe tofauti hizo ndizo zinazogawa njia. Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani, kuhara ni kwenda choo laini au cha majimaji mara tatu au zaidi kwa siku. Penye damu pana ugonjwa wa namna nyingine. Na kuhara kukifika siku 14, kunahesabiwa kuwa kwa muda mrefu, nako kunahitaji uchunguzi wa kina. Watoto wanaoshukiwa kuwa na spirokiti hutoka katika kundi hili la mwisho.

Mahali pa maumivu nako kuna siri yake. Mwaka wa 1958, daktari wa watoto John Apley na mwenzake Naish walichapisha uchunguzi wa wanafunzi 1,000 wa eneo la Bristol, Uingereza. Karibu mmoja katika kila kumi alikuwa na maumivu ya tumbo yanayorudi mara kwa mara, na kwa walio wengi kati ya hao hapakupatikana ugonjwa wowote wa kiungo. Apley aliacha kanuni ambayo madaktari huikumbuka hadi leo: kadiri maumivu yanavyokuwa mbali na kitovu, ndivyo uwezekano wa kuwepo ugonjwa wa kiungo unavyozidi. Mtoto anayeweza kusema "huku chini, upande wa kulia" amekwisha kumpunguzia daktari nusu ya safari.

Wala Kiswahili hakikosi maneno ya kuyaeleza haya. Tumbo hukata, husokota, huchoma, hujaa, hunguruma. Kuna msokoto, kiungulia, kichefuchefu na mchango. Kila neno kati ya haya ni dalili tofauti. Kisa na maana, watoto wetu hawafundishwi kuyatumia panapostahili. Katika shule za upili tunawakaririsha sifa za sajili ya hospitali ili wapite mtihani: msamiati maalumu, lugha ya upole, kuchanganya ndimi, maswali na majibu. Mwanafunzi huyo huyo anayezitaja sifa sita bila kosa akifika mbele ya daktari husema "naumwa na tumbo" kisha akanyamaza. Tumemfunza kuichambua sajili ya hospitali, hatujamfunza kuizungumza.

WAJIBU WA MWALIMU

Mwalimu humwona mtoto saa nyingi za mchana kuliko mzazi wake. Ndiye anayejua nani huomba ruhusa ya kwenda msalani mara nne kabla ya adhuhuri, nani ameacha kula chakula cha mchana, na sare ya nani imeanza kumpwaya. Mtoto wa namna hiyo mara nyingi hutuhumiwa kuhepa hesabu. Huenda kweli anahepa. Lakini huenda pia ana haya ya kusema kwamba ameona damu, kwa kuwa hakuna neno alilofunzwa la kulitaja jambo hilo mbele ya mtu mzima bila kuonekana hana adabu.

Napendekeza mambo matatu. Mosi, walimu wa Kiswahili wa shule za msingi wawape watoto msamiati wa mwili na maradhi kwa ukamilifu wake, na wawafafanulie kwamba tasfida ni ya mezani na barazani. Mbele ya daktari na muuguzi, neno bayana ndilo lenye adabu. Pili, kila mtoto aweze kuyajibu maswali matano kuhusu tumbo lake: wapi, tangu lini, mara ngapi, linafanyaje, na kinachotoka kina rangi gani. Zoezi hilo la dakika 20 darasani lina thamani kuliko orodha ya sifa za sajili. Tatu, vyuo vyetu vikuu na wale wanaounda istilahi wasingoje mlipuko wa ugonjwa ndipo wautafutie jina. Mimi ningependekeza spirokiti ya utumbo iitwe maradhi ya pindo la utumbo, kwa sababu ya ukingo ule wa samawati unaoonekana katika hadubini. Mwenye jina bora alilete, tulijadili.

Kwa wazazi nina machache. Mtoto aliyehara kwa majuma mawili, au aliyeonekana na damu katika choo, au anayepungua uzito, asinunuliwe vidonge vya kubahatisha. Apelekwe kwa mwenye kupima, na mzazi aende na maelezo aliyoyaandika: siku ilipoanza, idadi ya mara, rangi, vyakula alivyokula, dawa alizokwisha kumeza. Karatasi hiyo moja yaweza kumwonyesha daktari kama mtoto anafaa kutumwa kupimwa utumbo au kama maji ya pakiti, zinki na siku chache za subira zitatosha.

Maji safi, sabuni na vyoo vitaendelea kuwa kinga yetu ya kwanza dhidi ya spirokiti na jamaa zake wote, na serikali za kaunti hazina budi kukumbushwa hilo kila uchao. Lakini hata kaunti yenye maji ya mfereji katika kila boma itakuwa na mtoto mmoja aliyeketi dawati la nyuma akiwa amelishika tumbo lake kwa mikono miwili. Mwalimu akimwendea, amwulize kwa upole yale maswali matano, kisha angoje jibu.